Kiko na Mti Usioungua

Mswahili wa pwani wa zamani alipotaja kiko, hakukusudia kile kijiti kifupi chenye kichwa ambacho Wazungu walikuja nacho midomoni mwao, bali alikusudia kifuu cha nazi kilichotiwa maji, chenye digali lililopanda hadi kwenye bori ambamo tumbaku iliwaka, na shilamu iliyouleta moshi kinywani ukiwa umekwisha pozwa. Na maji yale yalipotokota kwa mvuto wa mvutaji, sauti yake ikaitwa malio ya kiko. Bori lilikuwa la udongo au la jiwe, kwa sababu isiyohitaji kuelezwa: moto haukabidhiwi mti.

Wala hali hiyo haikuwa ya pwani peke yake. Tumbaku ilipotoka Amerika ikaenea Ulaya, wavutaji wa huko nao waliutegemea udongo: mafundi wa London, na wale wa mji wa Gouda katika Uholanzi, walifinyanga viko vyeupe vyembamba kwa maelfu, vikavunjika upesi, hata leo mtu akilima bustani ya kale huko huenda akaokota vipande vyake. Wenye mali walipenda jiwe jeupe jepesi lichimbwalo Eskişehir katika Uturuki, ambalo Wajerumani waliliita Meerschaum, yaani povu la bahari, nalo likachongwa kwa ustadi mkubwa mjini Vienna, ila likianguka sakafuni ndio mwisho wake. Miti pia ilijaribiwa, mcheri na mjozi na mingineyo, lakini aghalabu moto uliila, na kabla ya kuila uliiharibu ladha ya tumbaku. Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba katikati ya karne ya 19 ulipatikana mti mmoja uliokubali kutiwa moto kila siku, mwaka baada ya mwaka, pasipo kugeuka majivu.

Mti huo wataalamu wa mimea huuita Erica arborea, na Wafaransa huuita bruyère, jina ambalo Waingereza walilipotoa kuwa briar, nalo kwao ni jina la waridi mwitu pia, hata wengi wao wakadhani viko hukatwa katika mizizi ya mawaridi. Sisi na tuuite mbraia. Ni kichaka chenye maua meupe madogo sana, kimeacho katika ardhi kavu yenye mawe kandokando ya Bahari ya Kati: Corsica na Sardinia, Calabria katika ncha ya Italia, Ugiriki, Hispania, na milima ya Algeria. Thamani yake haimo katika shina wala matawi, imo katika nundu iliyofichika udongoni, baina ya shina na mizizi, ambamo mti huweka akiba yake. Kiangazi moto ukipita vilimani, au mbuzi wakila majani yote, nundu husalia hai chini ya ardhi na kuchipua upya. Nyuzi zake zimesokotana kila upande, na mna ndani yake chembe za silika ambazo mti umezinyonya ardhini. Hivyo mbraia ulikuwa umekwisha zoeana na moto zamani sana kabla mwanadamu hajaujaza tumbaku.

Lakini mti huu haukupata jina lake kubwa mahali umeapo. Mji wa Saint-Claude umejibana katika bonde la milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi, mbali na bahari. Mahujaji wa Kikristo walikuwa wakienda huko kuuzuru mwili wa mtakatifu ambaye mji una jina lake, na wakereza wa hapo waliwauzia tasbihi na visanamu vya mti. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokomesha ziara hiyo, na mwili ule kuchomwa moto mwaka 1794, makeezo hayakunyamaza: yalikereza vijaluba vya ugoro, na mirija ya viko, na viko vyenyewe vya miti ya kawaida. Kwa hiyo mbraia ulipowasili uliwakuta watu ambao mikono yao ilikuwa imerithishana kazi hiyo tangu enzi za mababu. Wako wasimulizi wapendao kusema kwamba fundi mmoja wa viko alikwenda Corsica kuuona mji aliozaliwa Napoleon, kiko chake cha jiwe kikavunjika, na mkulima wa huko akamchongea kingine cha nundu. Hadithi hiyo ni tamu, nami siitegemei. Lililo thabiti ni kuwa katika miaka ya 1850 mbraia uliingia Saint-Claude, na kabla karne ile haijaisha mji huo mdogo ulikuwa ndio makao makuu ya viko duniani. Henri Comoy, wa ukoo uliotengeneza viko huko, alihamia London mwaka 1879 akaipanda kazi hiyo katika ardhi ya Kiingereza.

Kabla nundu haijafika kwa mkereza, taabu yake ni kubwa, nami naona hapo ndipo penye moyo wa habari hii. Mchimbaji hupanda kilimani na sururu na shoka, akaing'oa nundu iliyoishi miaka thelathini au zaidi, mara nyingine akaipata imemeza mawe au imeoza moyoni. Kuanzia hapo adui si moto tena, ni jua: nundu ikikauka ghafla hupasuka, hivyo hufunikwa udongo na kunyunyiziwa maji miezi kadhaa, kama mgonjwa wa kuuguzwa. Kisha huja mkataji, na kazi yake haina kipimo ila jicho. Huigeuza nundu mbele ya msumeno wa duara, vidole vyake vikiwa karibu kabisa na meno, akitafuta namna ya kuikwepa mianya na kutoa vipande ambavyo nyuzi zake zitasimama sawasawa kama nywele zilizochanwa. Vipande huchemshwa saa nyingi katika mapipa ya shaba mpaka utomvu mchungu utoke, vikaanikwa kivulini miezi au miaka. Na baada ya subira yote hiyo, mkereza hukata, akakuta kijishimo ambacho hapana jicho lililoweza kukiona, na kipande kilichotazamiwa kuwa bora kikashushwa daraja.

Sifa zikaenda kwingine. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku London mwaka 1907, na mwaka 1910 akaanzisha karakana yake ya viko. Doa jeupe alilolitia juu ya mdomo wa mpira mgumu mweusi likawa alama ijulikanayo na kila mvutaji, na mwaka 1917 aliomba hataza ya kuvipiga viko kwa mchanga ili nyuzi laini ziliwe na ngumu zibaki zikisimama kama mawimbi. Simnyimi haki yake, kwani alijua kuchagua mti. Ila mvutaji aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya doa lile hakupata kulisikia jina la mchimbaji wa Calabria wala la Mberberi wa Kabylia katika Algeria. Vita vya pili vya dunia vilipoziziba njia za bahari, ndipo thamani ya watu hao ilipoonekana: Wamarekani walilazimika kuchimba nundu za vichaka vya milima yao wenyewe, na amani iliporejea wakaziacha wakaurudia mbraia.

Habari hii inatugusa na sisi. Katika miaka ya 1950 jiwe la povu la bahari lilichimbwa sehemu za Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, na Arusha kukawa na kiwanda cha viko vilivyouzwa ng'ambo vikiwa na picha ya tembo na jina la Kiko, hata mvutaji wa Ulaya asiyejua neno jingine la Kiswahili akawa nalo hilo mfukoni. Na katika miteremko ya Kilimanjaro, msitu mkubwa unapokwisha na baridi kuanza, umesimama mbraia, Erica arborea uleule wa Corsica, ila huku hurefuka ukawa mti kamili wenye ndevu za kuvumwani zinazoning'inia katika ukungu. Moto hupita huko nyakati za ukame, mashina yakabaki meusi kilima kizima, na mvua zikisha nyesha machipukizi hutokeza chini kabisa, penye nundu.