Tapeti Bapa na Oili Yake

Ingia gereji yoyote ya Mwanjelwa useme Land Cruiser yako ya zamani inagonga juu ya injini, jibu ni moja: "Tapeti hizo, mzee. Tuziseti." Fundi atafungua kifuniko cha juu, atachukua fila geji, atalegeza nati za roka, na kabla hujamaliza chai yako kugonga kutakuwa kumepungua. Kazi ni halali. Ila neno limehama mahali pake. Kilichosetiwa ni pengo kati ya roka na valvu; tapeti yenyewe haikuguswa wala haikuonekana. Iko chini, ndani ya bloku, imekalia kamu.

Katika injini ya pushirodi, kemshafti inazunguka, kamu inainua tapeti, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inabinua roka, roka inafungua valvu. Tapeti ni kipande cha chuma chenye umbo la kopo dogo, na upande wake wa chini ndio unaoipa jina. Ikiwa na kigurudumu pale inapokutana na kamu, hiyo ni tapeti ya rola. Ikiwa ni uso mtupu wa chuma, naiita tapeti bapa. Bapa tunalo tangu zamani: bapa la panga ni ule ubavu usiokata, na shuleni watoto wanafundishwa maumbo bapa. Wapo watakaotaka hata tapeti itafsiriwe, iwe kisukumizi au kiinuavalvu. Sioni faida. Tapeti imeshazoeleka kwa mafundi kutoka Tunduma hadi Ipogolo. Inachopungukiwa ni sifa ya kuitenga na ndugu zake.

Na kuitenga kuna maana, kwa sababu uzee wa gari peke yake hauelezi kitu. Land Rover 109 yenye injini ya petroli ya lita 2.25, gari ambalo kila mtu angelitaja la kwanza katika orodha ya vikongwe, ina tapeti za rola. Land Cruiser yenye injini ya 2F, silinda 6 za petroli, ina tapeti bapa. Peugeot 504 vilevile. Massey Ferguson 135 yenye Perkins ya silinda 3, trekta la enzi zile Isimani iliposifika kwa mahindi, nayo ina tapeti bapa. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser haina pushirodi kabisa: kemshafti iko juu na kamu inakandamiza kikombe moja kwa moja.

Jina hili lina uongo mdogo ndani yake. Kwenye injini nyingi uso wa tapeti bapa si bapa hasa. Umechongwa ukiwa na mbinuko ambao jicho haliuoni, na kamu nayo imepewa mteremko kidogo kuelekea upande mmoja. Makusudi ni tapeti ijizungushe kila inapoinuliwa, isiliwe sehemu ile ile. Fungua kifuniko injini ikiunguruma taratibu, utaona pushirodi zinazunguka polepole. Itakayosimama tuli ndiyo ya kuitilia shaka. Ukishaitoa tapeti yake, simamisha ukingo wa rula ya chuma juu ya uso wake na uitazame kwenye mwanga. Tapeti nzima itagusa rula katikati. Iliyokwisha itapitisha mwanga hapo katikati, maana imebonyea, na mara nyingi utakuta vishimo vidogo vimeanza kuichimba.

Basi pengo linalofunguka tena kwenye valvu ile ile, wiki chache baada ya kusetiwa, si uzembe wa fundi. Ni uso wa tapeti unaoliwa, na kuseti tena ni kulipia dalili.

Sasa oili. Rola inaviringika, bapa inasugua. Springi ya valvu inakandamiza eneo dogo mno, na utando wa oili unabanwa hadi chuma kinakaribia kugusa chuma. Hapo uzito wa oili una mwisho wake. Kinachookoa ni kiambato cha zinki na fosforasi, kinachofupishwa ZDDP, kilichoanza kutiwa katika oili za injini miaka ya 1940. Kikipata joto na mgandamizo, kinajenga juu ya chuma ngozi ngumu ambayo inaliwa badala ya chuma, kisha inajijenga upya.

Fosforasi hiyo hiyo huharibu katalitiki ya ekzosi. Ndiyo maana daraja la oili la API SM lilipokuja mwaka 2004, oili nyepesi za petroli kama 5W-30 na 10W-30 ziliwekewa ukomo wa fosforasi wa asilimia 0.08. Magari mapya hayakudhurika; hofu ilikuwa kwa tapeti bapa. Lakini ukomo huo haukuzibana 15W-40 na 20W-50. Kwa hiyo fundi anayesema "weka nzito" anaweza kuwa amekupa oili inayofaa huku akidhani kinachofanya kazi ni uzito.

Uzito wenyewe, au mnato kama wanavyouita wanafizikia, unahitaji akili ya mahali. Asubuhi ya Julai Uyole au Mafinga si asubuhi ya Kariakoo. Oili ya SAE 40 isiyo na W, ambayo bado inapendwa kwa matrekta na malori makuukuu, huwa imeganda kiasi, na kamu nyingi za aina hii hupata oili kwa kurushiwa tu na vyuma vinavyozunguka chini. Dakika za mwanzo ndizo zinazokula tapeti. Gari hilo hilo likishateremka na viazi kwenda Chimala linakutana na joto la Usangu, na likirudi kutoka Dar linapanda Kitonga kwa gia ndogo. Namba mbili za 15W-40 zipo kwa safari za namna hii: ya kwanza inaeleza oili ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto.

Kwenye galoni, mimi hutazama herufi kabla ya picha ya gari la mashindano. S ni petroli, C ni dizeli. Oili ya 15W-40 iliyoandikwa CI-4/SL imekubaliwa kwa pande zote mbili, na CI-4, daraja la mwaka 2002, halina ukomo wa fosforasi. Ningeiweka kwenye 2F na kwenye Perkins bila wasiwasi. Kuongeza kichupa cha zinki juu yake ni kupoteza hela.

Kemshafti ikichongwa upya, usiirudishie tapeti za zamani. Na tapeti zinazorudishwa kwenye kemshafti isiyoguswa kila moja irudi kwenye kamu yake, kwa hiyo zipange kwa namba wakati wa kuzitoa. Paka kamu grisi ya molibdeni. Injini ikiwaka, usiiache iungurume taratibu: ishikilie kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika, kwa dakika 20 hivi, oili irushwe ya kutosha. Kisha imwage yote pamoja na filta yake, hata kama bado inang'aa.