Nyuzi Ndani ya Simiti: Wazo Ambalo Kimuka Tunalo Kitambo

Kuna vijana huku Kimuka wanaona aibu kusema nyanya yao alijenga nyumba ya samadi. Familia ikishahamia ya mawe, ile ya zamani haitajwi tena. Mimi naona tunaficha kitu cha maana, kwa sababu ile nyumba ilibeba wazo ambalo leo linauzwa madukani kwa bei.

Zege, yaani simiti, mchanga na kokoto, ni ngumu sana ukiikandamiza. Ukiivuta au kuipinda, inapasuka mapema. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kukandamizwa. Ndiyo maana fundi anaweka vyuma. Njia nyingine ni kuchanganya nyuzi fupi ndani ya zege yenyewe. Ufa ukianza, nyuzi zinaushika pande zote mbili, na unabaki mdogo badala ya kukimbia hadi mwisho.

Sasa angalia enkaji, nyumba ya Kimaasai. Wanaoijenga ni kina mama: fito, udongo, nyasi, samadi ya ng'ombe. Samadi imejaa nyuzi za nyasi ambazo ng'ombe hakuzisaga zikaisha. Udongo ukikauka unasinyaa, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Zile nyuzi zinaushikilia. Hata kwenye Biblia, Kutoka sura ya 5, Farao anawanyima Waisraeli majani makavu ya kutengenezea matofali. Wazo ni lile lile.

Karibu mwaka wa 1900 huko Austria, Ludwig Hatschek alichanganya saruji na nyuzi za asbesto, akapata mabamba mepesi ya kuezekea. Yakaenea dunia nzima, na shule nyingi za Kenya zikaezekwa nayo. Shida ni kwamba vumbi la asbesto linaleta saratani. Kanuni za taka za Kenya za 2006 ziliihesabu kuwa taka hatari.

Basi watu wakageukia katani. Katani yenyewe ilikuja Tanganyika mwaka wa 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 pekee, na kutoka hapo mashamba yakajaa Afrika Mashariki. Miaka ya 1980, hapa Kenya, wakajaribu kutengeneza vigae vya saruji na nyuzi za katani. Vilikuwa vya bei nafuu, na karakana ndogo tu ingeweza kuvitengeneza.

Lakini saruji ina alkali kali, na alkali hula nyuzi za mimea polepole. Miaka ikipita, nyuzi zinakuwa dhaifu na kigae kinarudi kuvunjika ovyo. Watengenezaji wengi duniani wakaishia kutoa nyuzi na kubaki na kigae cha zege tupu. Udongo wa enkaji hauna ukali huo, na mvua ikiuharibu, mama anapaka upya. Yaani wale kina mama walikuwa na mchanganyiko unaoelewana, pamoja na mpango wa kuutunza.

Siku hizi nyuzi ni za plastiki, chuma au kioo maalum kinachovumilia alkali. Za plastiki huwekwa chini ya kilo moja kwa kila mita ya ujazo ya zege, na husaidia sana sakafu isipasuke ikikauka. Ila usidanganywe na msee wa ploti: pakiti ya nyuzi haichukui nafasi ya vyuma vya nguzo na slebu. Tena sehemu nyingi za Kajiado zina ule udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi. Msingi ukisukumwa na udongo huo, nyuzi hazitakuokoa. Tafuta mhandisi.

Ninachopinga ni ile tabia ya kuita kazi ya kina mama ushamba, halafu tunashangilia wazo hilo hilo likija kwa pakiti. Wanaojua kipimo cha samadi kwa udongo wanazeeka, na hakuna mahali wamekiandika. Kama koko wako bado yuko, muulize anachanganya vipi, na anajuaje kwamba imeiva. Mrekodi kwa simu wiki hii.