Karanga za Kongwa: Mradi Uliohesabu Ekari Ukasahau Kupima Udongo

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya mbegu na viuatilifu, tuzungumze historia. Ni historia ya mmojawapo wa miradi mikubwa kabisa ya kilimo iliyowahi kujaribiwa nchini kwetu. Ulikufa ndani ya miaka mitano, na kilichouua ndicho kinachoua miradi midogo ya huku kwetu Mugoma: kupima kisichohitajika, au kupima wakati umeshachelewa.

Mpango ulivyokuwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, akatoa wazo: tulime karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa tu, sehemu kubwa wakiangalia nchi kutoka angani kwa ndege.

Wakarudi na hesabu nzuri sana kwenye karatasi. Mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mengi yangekuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Gharama ingekuwa karibu pauni milioni 25 kwa miaka sita.

Angalia hapo, ndugu msomaji. Ekari zilihesabiwa, na pesa zilihesabiwa. Udongo haukupimwa kwa kina, na kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa chache. Kongwa ipo Ugogo, na Wagogo hawalimi mtama na uwele na kufuga ng'ombe kwa bahati mbaya. Wanaijua mvua yao.

Kilichotokea

Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa karibu 7,500. Yaani katika kila ekari 20 zilizopangwa, ilipatikana moja.

Kwa nini? Kwa sababu mradi ule haukuwa shamba tu. Ulikuwa mnyororo: bandari, reli, mafuta, matrekta, mafundi, maji ya kunywa, vibarua, kisha udongo na mvua. Pingili moja ikilegea, mnyororo wote unalala. Bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa na mizigo. Matrekta mengi yalikuwa mitumba iliyobaki vitani, mengine yametolewa Ufilipino, na yakaharibika ndani ya miezi michache huku karakana haijakamilika. Mizizi ya vichaka ikamaliza visu vya mashine. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Jua likiwaka baada ya mvua unakauka kama tofali. Karanga huzaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata zilizokomaa zilikuwa taabu kuzing'oa. Ukame nao ukaja juu yake.

Swali kubwa ni hili: tarakimu za mwaka 1947 zilikuwa mezani, mbona hawakusimama? Kwa sababu kila mkubwa alikuwa akiuliza swali moja tu: "Tumesafisha ekari ngapi?" Ekari ndiyo ilikuwa sifa. Mwaka 1948 shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, likapokea mradi, na kazi ikaendelea. Lengo likawa linapunguzwa kila mara, lakini pesa inaendelea kutoka. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha. Zaidi ya pauni milioni 35 zilifutwa vitabuni. Huko kusini ilibaki bandari ya Mtwara, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa miaka ya 1960.

Dunia ilijifunza nini

Wahandisi wa miradi mikubwa walikuja kuliwekea jambo hili utaratibu. Mwaka 1967 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwataka wakandarasi wake wakubwa walinganishe vitu vitatu kwa wakati mmoja: kazi iliyopangwa, kazi iliyofanyika kweli, na pesa iliyotumika. Ukiangalia viwili tu, cha tatu kinakudanganya.

Usiogope, hesabu yake ni ya sokoni. Tuseme kikundi chenu kimepanga kuchimba mtaro wa mita 400 kwa siku 20, kwa shilingi 800,000. Kila mita ni shilingi 2,000. Siku ya 10 mmetumia 400,000. Mhasibu anasema: "Nusu ya muda, nusu ya pesa, tuko sawa." Sasa chukua kamba upime mtaro. Unakuta mita 120. Mlipaswa kuwa na 200. Mita 120 thamani yake kwenye mpango ni 240,000, nanyi mmetumia 400,000. Kwa mwendo huo mtaro utaisha karibu siku ya 34, na utakula zaidi ya shilingi 1,300,000.

Siku ya 10 bado kuna la kufanya: kuongeza watu, kubadili njia, kufupisha mtaro, au kuacha. Siku ya 20 kinachobaki ni kulaumiana.

Wewe ufanye nini msimu huu

1. Pima kabla ya kuanza. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani karibu mita 64 kwa 64. Usikadirie kwa macho, maana mbegu na mbolea vyote vinafuata kipimo hicho. Kama unakodi shamba jipya, chimba shimo la kina cha jembe sehemu tano, uone udongo ukiwa na maji na ukiwa mkavu.

2. Pima mvua yako mwenyewe. Kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na mti na paa, na rula. Kila asubuhi soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Baada ya misimu mitatu utakuwa na kumbukumbu ambazo Kongwa hawakuwa nazo.

3. Tafuta pingili dhaifu. Mfanyabiashara wa maharage, shida yako ni mtaji, magunia, au gari siku ya mnada? Kama ni gari, kununua magunia zaidi ni kujaza ghala tu.

4. Pima kinacholeta ugali na pesa. Usihesabu ekari ulizolima. Hesabu kilo ulizovuna kwa ekari na kilichobaki baada ya gharama. Na uza kwa mizani. Debe la mwenzako siyo debe lako, na lumbesa inakula jasho lako.

5. Weka siku ya kukagua. Kila baada ya wiki mbili, kikundi kikae na daftari, kilinganishe mpango, kazi na pesa. Kubalianeni mapema: tukifika hapa na hali ni hii, tunabadilisha.

Hapo jirani yetu Rusumo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, wa Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kazi kama ile haipangwi bila kujua mto Kagera unapitisha maji kiasi gani. Mtaro wako na shamba lako vinastahili heshima hiyohiyo.

Daftari na kalamu havizidi bei ya kilo chache za maharage. Anza wiki hii, kabla mvua haijashuka. Ukikwama kwenye hesabu, njoo na daftari lako ofisini au nikute shambani, tutazifanya pamoja.