Waliochuma Juani: Ardhi, Akiba na Urithi wa Watu Weusi Marekani

Jioni ya tarehe 12 Januari 1865, katika mji wa Savannah, Georgia, wachungaji 20 weusi waliitwa mbele ya Jenerali William Sherman na Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaelekea kwisha. Msemaji wa wachungaji hao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67 aliyejikomboa yeye na mkewe kutoka utumwani kwa kulipa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Aliulizwa watu wake watajitunza vipi wakishakuwa huru. Hakuomba chakula wala nguo. Alijibu kwamba wapewe ardhi, wailime kwa mikono yao, mpaka wapate uwezo wa kuinunua iwe yao kabisa.

Jibu la mzee Frazier hunijia kila ninapomsikia mtu akisema kuwa weusi wa Marekani hawana mali kwa sababu hawakujua kuweka akiba. Mchuma juani hula kivulini, walisema wahenga. Hawa walichuma juani kweli kweli, lakini kivuli kilikatwa kila kilipoanza kutanda. Hawakushindwa kuchuma. Kilichowashinda, kwa sababu walizuiwa, ni kurithisha.

Siku nne baada ya kikao kile Sherman alitoa Amri Namba 15. Visiwa na ukanda wa pwani kuanzia Charleston kuelekea kusini, hadi Mto St. Johns kule Florida, vilitengwa kwa ajili ya waliokuwa watumwa, kila familia isizidi ekari 40. Ilipofika Juni watu wapatao 40,000 walikuwa wamekaa kwenye ekari 400,000 hivi, wamejenga na kupanda. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameagiza ardhi irudishwe kwa mabwana wa zamani. Watu waliambiwa wachague kumfanyia kazi bwana kwa mkataba au kuhama.

Akiba nayo ilipata pigo lake. Machi 1865 Rais Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha Freedman's Bank, benki ya akiba ya watu walioachwa huru. Askari, madobi na vibarua walipeleka senti zao wakiamini kuwa nyuma yake iko serikali, na haikuwa hivyo. Mwaka 1870 sheria ilirekebishwa ili benki iweze kukopesha kwa dhamana ya majengo na viwanja. Wakurugenzi wazungu waliikopesha fedha hiyo kwa marafiki na kwa biashara zilizoyumba, kisha ukaja mtikisiko wa uchumi wa 1873. Frederick Douglass alipewa uongozi Machi 1874 mambo yakiwa yameshaharibika. Aliweka dola 10,000 zake mwenyewe ili kuinusuru, lakini Juni benki ilifungwa. Wateja zaidi ya 61,000 walikuwa na karibu dola milioni 3 mle ndani. Wengi hawakuona hata senti moja.

Ardhi imerudishwa, akiba imepotea, na utumwa umekwisha miaka tisa tu iliyopita. Wangekata tamaa, nani angewalaumu? Lakini kufikia 1910 wakulima weusi walikuwa wanamiliki karibu ekari milioni 16. Hawakugawiwa. Walinunua kidogo kidogo, ekari 10 hapa, ekari 20 pale, kwa fedha za pamba na mpunga, mara nyingi kwa bei ya kulanguliwa, katika majimbo ambako kura yao ilikuwa imezimwa na mtu aliweza kuuawa na kundi la watu bila yeyote kushtakiwa. Jambo hilo halijapewa uzito linaostahili hata katika vitabu vya huko kwao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Richmond, Virginia. Maggie Lena Walker alikulia humo, mtoto wa mama dobi, akipita mitaani na kapu la nguo za wateja kichwani. Akiwa msichana alijiunga na Chama cha Mtakatifu Luka. Sisi tungekiita chama cha kufa na kuzikana. Wanachama walichanga kidogo kidogo, mgonjwa akauguzwa, marehemu akazikwa kwa heshima. Alipokabidhiwa uongozi mwaka 1899 chama kilikuwa hoi. Yeye alikiona kwa jicho jingine. Fedha zilizokuwa zikisubiri mazishi zingeweza pia kujenga nyumba za walio hai. Mwaka 1902 alianzisha gazeti, na mwaka uliofuata benki, St. Luke Penny Savings Bank. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki na kuwa rais wake.

Siku ya kufungua, Novemba 1903, watu walipanga foleni. Wapo waliokuja na zaidi ya dola 100, na yupo aliyefungua akaunti kwa senti 31. Hizo senti 31 ndizo zinazonigusa. Karani alizihesabu, akaziandika kitabuni, na mtu huyo akatoka akiwa mwenye akaunti sawa na yule wa dola 100. Watoto walipewa vibubu wadumbukize senti zao nyumbani, na zikitimia dola moja wafunguliwe akaunti. Wafanyakazi wa ofisini walikuwa wanawake weusi, katika mji ambao kazi yao iliyojulikana ilikuwa kufua na kupika katika nyumba za watu. Kufikia 1920 benki hiyo ilikuwa imewezesha familia zaidi ya 600 kununua nyumba. Ulipokuja mdororo mkuu, benki nyingi nchini zikifa, Bi Walker aliunganisha ya kwake na benki nyingine mbili za weusi mjini, ikavuka salama. Yeye mwenyewe alifariki 1934.

Benki ilinusurika, mtaa haukunusurika. Jackson Ward, mtaa wa nyumba zile zilizonunuliwa kwa senti za madobi, ulipasuliwa katikati na barabara kuu katika miaka ya 1950, mamia ya nyumba zikabomolewa. Hayti wa Durham, North Carolina, mtaa uliokua pamoja na kampuni ya bima ya weusi iliyoasisiwa 1898, ulifanyiwa vivyo hivyo.

Kisa cha Greenwood, mtaa wa weusi kule Tulsa, Oklahoma, kinajulikana zaidi, kwa hiyo nitakipita haraka. Kati ya tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 kundi la wazungu liliteketeza eneo lote, pamoja na nyumba zaidi ya 1,200. Kampuni za bima zilikataa kulipa kwa hoja kwamba mikataba haikugusa hasara ya ghasia. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliitupa kesi ya fidia ya ajuza wawili walionusurika.

Moto unaonekana, ndiyo maana unakumbukwa. Karatasi haina moshi. Kuanzia 1933 serikali ya Marekani iliokoa na kudhamini mikopo ya nyumba kwa mamilioni ya raia, na huo ndio mlango ambao familia za kawaida za wazungu zilipitia kuingia kwenye umiliki. Lakini mitaa ya weusi ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za serikali, kwa maana ya mahali hatari pa kukopesha. Kisha wakaja askari waliotoka Vita Kuu ya Pili, walioahidiwa mikopo kwa sheria ya 1944. Katika jimbo la Mississippi, mwaka 1947, mikopo 3,229 ilidhaminiwa kwa askari wa zamani. Weusi walipata miwili. Mtoto wa aliyepata mkopo alirithi nyumba iliyokuwa imepanda thamani, akaiweka dhamana akasomesha watoto wake. Mtoto wa aliyenyimwa alirithi risiti za kodi ya pango.

Mashambani walikuwa na adui mwingine, na huyu aliingia kupitia msiba. Chukua mfano wa mzee aliyenunua ekari 20 katika pwani ya South Carolina mwaka 1880. Hamwamini wakili, na ana sababu, kwa kuwa mahakama ya wilaya ni ya walewale waliokuwa mabwana. Anafariki bila wosia. Ardhi inakuwa ya watoto wake wote kwa pamoja, bila mipaka, kisha ya wajukuu, kisha ya vitukuu waliohamia New York na Detroit. Hii huitwa ardhi ya warithi. Ndugu walioko shambani wanalima, wanalipa kodi, wanazika wafu wao hapo, wakiamini kuwa ardhi ya ukoo haiuziki. Sheria haikuamini hivyo. Mrithi yeyote, hata mwenye fungu dogo kuliko yote, aliweza kuomba mahakama igawe ardhi, na mahakama ikaamuru iuzwe yote kwa mnada. Mwekezaji hakuhitaji zaidi ya kumtafuta binamu mmoja wa mbali asiyewahi kuikanyaga, kununua fungu lake, na kwenda mahakamani. Mnada ulitaka fedha taslimu, na wanafamilia hawakuwa nazo, kwa sababu benki haikopeshi kwa dhamana ya ardhi isiyo na hati safi.

Katika kisiwa cha Hilton Head, kwenye pwani hiyohiyo, karibu wakazi wote walikuwa Wagullah, uzao wa watumwa walioletwa kulima mpunga na pamba. Mwaka 1956 lilijengwa daraja. Vikafuata viwanja vya gofu na hoteli, kodi za ardhi zikapanda, na mashamba yakaondoka mikononi mwao moja baada ya jingine. Leo baadhi ya makaburi ya wazee wao yamo ndani ya maeneo ya watalii yenye geti, na anayekwenda kuzuru kaburi la bibi yake hupita kwanza kwa mlinzi. Wakulima weusi walikuwa zaidi ya 900,000 mwaka 1920. Sensa ya kilimo ya 1997 iliwakuta hawafiki 20,000.

Waliopatwa si weusi peke yao. Mkataba wa 1848 uliomaliza vita vya Marekani na Mexico uliahidi kulinda mali za Wamexico waliojikuta ndani ya mpaka mpya. New Mexico walikuwa na malisho na misitu ya kijiji kizima, isiyo na mwenye mmoja. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ardhi hizo za pamoja hazikuwa mali ya wanakijiji. Wanakijiji wa San Miguel del Vado walidai zaidi ya ekari 300,000, wakabakiziwa 5,000 hivi. Sisi wa mwambao hatuhitaji kufafanuliwa sana. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani ya Kenya wapeleke madai yao kwa ushahidi. Ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikawa ya Taji, na Wamijikenda wengi wakageuka maskwota penye makaburi ya babu zao.

Hesabu za benki kuu ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha mali ya familia ya wastani ya wazungu ni dola 285,000, ya familia yenye asili ya Kihispania dola 61,600, na ya familia nyeusi dola 44,900. Mshahara wa mwaka mmoja hauleti pengo kubwa hivyo. Hilo ni pengo la mirathi.

Baadhi ya kilichochukuliwa kimerudi. Huko California, ufuko wa Bruce's Beach, ambao Bi Willa Bruce aliununua 1912 akafungua mahali pa mapumziko kwa weusi, ulitwaliwa na mji katika miaka ya 1920. Ulirudishwa kwa vitukuu wake Julai 2022, na mapema 2023 waliiuzia tena serikali ya eneo hilo kwa karibu dola milioni 20. Kwa ardhi ya warithi, sheria ya mfano iliyoandaliwa 2010 na Profesa Thomas Mitchell inawapa ndugu nafasi ya kwanza kulinunua fungu la anayetaka kuuza, kabla ya mnada, kwa bei iliyotathminiwa. South Carolina iliipitisha 2016 ikaipa jina la Clementa Pinckney, mchungaji na seneta aliyeuawa kanisani Charleston mwaka mmoja kabla. Katika eneo la mji huohuo kipo kituo cha msaada wa sheria kinachokaa na familia kuchora ukoo wote, jina kwa jina, cheti kwa cheti, mpaka hati isomeke majina ya walio hai.

Nawe msomaji, kama babu yako ameacha shamba na hati bado ina jina lake, waite ndugu zako mwaka huu, wazee wakiwa bado wanawakumbuka wote, mwandike warithi ni nani na wako wapi.