Shimo la Tatu

Unajua vile hukuwa Nairobi. Lami mpya inamwagwa, mtaa unafurahi wiki mbili, halafu asubuhi moja unapata vijana na sururu: watu wa maji wamefika. Wakishafukia, wanakuja wa intaneti. Wa stima wako njiani.

London ilichoka na haya mambo kitambo. Huko, kampuni za maji na gesi zilichimba kila moja kivyake. Mwaka wa 1861, bodi ya ujenzi ya jiji ilipotengeneza Garrick Street, ilijenga handaki chini yake, mtu anaweza kutembea ndani, ili mabomba yapite humo. Bomba likivuja, fundi anashuka. Barabara haiguswi.

Shida ni kwamba kampuni za gesi ziliogopa mlipuko, zikasita kuingia. Ikabidi Bunge lipitishe sheria mwaka wa 1868: palipo na handaki, hupasui barabara bila ruhusa. Matofali peke yake hayakutosha.

Sisi tuna sheria pia. Ile ya barabara ya 2007 ilizaa KURA, KeNHA na KeRRA. Miaka miwili baadaye kebo za baharini zikafika Mombasa, na faiba ikaanza kutafuta milango yetu. Lakini barabara ina mwenyewe, maji yana mwenyewe, stima ina mwenyewe, na kila mmoja ana bajeti na kalenda yake.

Mama wa kibanda ndiye hana kalenda. Yeye huhamisha jiko kila shimo likifika mlangoni, na hakuna anayemlipa siku hiyo.