Ilimba ya Ugogo Ughaibuni

Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma katika njia iendayo Kondoa, hujulikana kwa visima viupavyo mji maji na kwa mashamba ya zabibu. Katika nyanda hizi kame za Ugogo muziki ulikuwa mali ya wote kabla haujawa kazi ya mtu: wanaume walipiga zeze na ilimba, wanawake wakapiga muheme, na sauti nyingi zikaimba pamoja bila ya moja kuimeza nyingine.

Huko Ugogo ndiko alikozaliwa Hukwe Zawose mwaka 1938. Baada ya Uhuru, Serikali ilipotafuta mafundi wa ngoma za asili, aliitwa Dar es Salaam katika enzi ya Mwalimu Nyerere. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, na jamaa zake wakafanya kundi. Sahani yao iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada, ambamo ilimba yakutana na gitaa na mitambo ya umeme. Mwaka uliofuata Zawose alifariki.

Wako wasemao kwamba umeme uliichafua ngoma ya asili. Hoja hiyo ni dhaifu. Fundi wa Kigogo hutoboa ubao wa ilimba, akaziba tundu kwa utando wa buibui, ili kila mlio utoke na mvumo wake. Sauti iliyokwaruzwa kwa makusudi haikuletwa na wageni. Ilikuwako Ugogo kabla ya gitaa la umeme.

Lawama iliyo nzito zaidi ni nyingine. Wanawake, ambao ngoma ya muheme ni yao, katika kundi la ukoo huo waliitikia nyuma tu, na jina lililosafiri lilikuwa la mwanamume. Ilikuwa mwaka 2024 ndipo Pendo, bintiye Zawose, na Leah, mjukuu wake, walipotoa sahani ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wakiimba mbele.

Basi mwanahistoria asiulize tu kama mila imebadilika, maana mila hai hubadilika daima. Na aulize pia ni nani aliyeibeba, na ni nani aliyeandikwa jina.