Mtambo wa Kuchapa wa Gendia

Historia ya uchapaji nchini Kenya husimuliwa kana kwamba ilianzia Mombasa ikaishia Nairobi. Tunamkumbuka mfanyabiashara A.M. Jeevanjee, aliyeanzisha gazeti la African Standard huko Mombasa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na anastahili kukumbukwa. Lakini Gendia, karibu na Kendu Bay katika kaunti ya Homa Bay, mtambo wa kuchapa uliwekwa mwaka 1913, na ni wachache mno wanaoutaja.

Aliyeuanzisha ni Arthur Carscallen, mmisionari Mkanada wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alifika Gendia mwaka 1906 akiwa na Peter Nyambo, kijana wa Nyasaland, Malawi ya leo. Nyambo hakuwa mbeba mizigo wa mzungu. Alikuwa amesoma Uingereza, na mwaka 1914 alipeleka London malalamiko ya Waafrika wa kwao na wa Rhodesia, yakielekezwa kwa Mfalme George wa Tano.

Carscallen alijifunza Dholuo, lugha ya Wajaluo, akaandika sarufi yake na kutafsiri sehemu za Agano Jipya. Kuchapa enzi hizo kulitaka subira. Herufi za risasi zilipangwa kwa mkono, moja moja, zikiwa zimegeuzwa kinyume. Zikapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake. Kosa la herufi moja lilijirudia katika kila nakala.

Shabaha ya wamisionari ilikuwa kueneza dini, hilo halifichiki. Hata hivyo, aliyejifunza kusoma Maandiko kwa lugha ya mama aliweza pia kusoma barua ya serikali, na kuijibu. Vituo vya kanisa vilienea hadi Kamagambo, katika Migori ya leo, ambako chuo cha walimu kilikuja kujengwa. Paul Mboya wa Karachuonyo, mchungaji wa kanisa hilo kabla ya kuwa chifu, alitoa mwaka 1938 kitabu cha mila za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi. Jaramogi Oginga Odinga alipoingia katika biashara ya uchapaji miaka ya 1940, wasomaji wa Dholuo tayari walikuwapo.

Carscallen aliondoka mwaka 1921. Kama nyumbani kwenu kuna kijitabu cha zamani kilichochapwa Gendia, msikiache kiliwe na mchwa. Kipelekeni kwenye maktaba au Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, nazo kaunti za Homa Bay na Migori zianze kukusanya vijitabu hivyo sasa.